Yatima watatu na wakubwa wasiosikia
(Somo la kusoma vitabu)



Mu somo hili tutachunguza vitabu 13 vya watoto, vyenye vinachekesha na kuhuzunisha kwa wakati mumoja. Vinasimulia habari ya watoto watatu wa tumbo moja, wenye walipoteza baba na mama siku moja. Ulizo la somo ni hili: je, inafaa mutu acheke wakati anasoma mateso ya yatima? Kwetu sisi ulizo hili haliko muchezo. Mu kila kalasi muko wanafunzi wenye wamekwisha kuzika baba ao mama, na wengine wanaishi kwa baba mudogo ao kwa shangazi. Basi tusijibu mbiombio. Tuangalie kwanza vitabu vyenyewe, kiisha tutajibu.

I. MWANDIKAJI NA VITABU VYAKE

Mwandikaji anaitwa Daniel Handler. Alizaliwa mwaka wa 1970, na muji wake ni San Francisco, kule Marekani. Lakini ukitazama ganda la kitabu, hautaona jina lake. Utaona jina la Lemony Snicket. Ni jina la kujitungia, na zaidi ya vile Lemony Snicket ni mutu wa ndani ya hadisi: anasema kwamba kazi yake ni kufuata alama za wale yatima na kuandika yote yenye yaliwapata, hata kama kazi hiyo inamuvunja moyo.

Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka wa 1999. Cha mwisho kilitoka tarehe 13 Oktoba 2006, na siku ile ilikuwa Ijumaa. Haikuwa bahati tu. Watu wengi wa Ulaya na Marekani wanaogopa Ijumaa ya tarehe 13, wanasema ni siku ya mikosi. Tena vitabu ni 13, na kila kimoja kina sura 13. Kile cha mwisho tu kinaongeza kipande kidogo nyuma. Njo vile hata hesabu yenyewe inaingia mu muchezo wa mwandikaji. Picha zilichorwa na Brett Helquist. Vitabu vilitafsiriwa mu lugha zaidi ya 40. Mu Kifaransa munaweza kuvipata kwa jina la Les Désastreuses Aventures des orphelins Baudelaire. Mule, mutoto wa mwisho, Sunny, anaitwa Prunille. Filme ya sinema ilitengenezwa mwaka wa 2004, na ya televisheni ilionyeshwa toka 2017 mupaka 2019.

II. HABARI KWA UFUPI

Muzaliwa wa kwanza ni Violet, miaka 14. Akili yake iko mu mikono: anatengeneza vyombo kwa kamba, kwa vyuma, kwa kitu chochote chenye anaokota. Wakati anafikiri sana anafunga nywele zake kwa utepe. Wa pili ni Klaus, miaka 12. Anasoma vitabu, na kile amesoma hasahau. Wa tatu, Sunny, angali mutoto muchanga. Hajajua kusema vizuri, lakini ana meno ine makali, na anaweza kuuma kitu kigumu mupaka kikatike.

Siku moja wako kando ya bahari. Bwana Poe, mufanyakazi wa banki, anakuja akikohoa ndani ya kitambaa. Anawaambia kwamba wazazi wao wamekufa mu moto wenye umeteketeza nyumba yao. Kwa kusema "wamekufa" anatumia neno la kitabu, kiisha anaanza kufasiria maana ya lile neno. Klaus anajibu kwa hasira kwamba neno wanalijua. Musome pahali hapo polepole. Yule mutoto hakukosa kamusi. Alikosa mutu wa kumushika mukono.

Wazazi waliacha mali mingi, na banki inaichunga mupaka Violet atakuwa mukubwa. Watoto wanapelekwa kwa ndugu wa mbali, Olaf, mucheza-teatri mwenye cheo cha comte. Anawapa kitanda kimoja kwa watu watatu, na rundo la mawe kuwa kitu cha kuchezea. Anawatumikisha. Anamupiga Klaus. Hana shauri na wao. Shauri lake liko na mali. Watoto wanakwenda banki kumushitaki. Bwana Poe anawajibu kwamba Olaf amesimama sasa pahali pa wazazi, kwa hiyo anaweza kuwalea sawa anavyopenda. Kiisha anarudia kazi zake.

Basi Olaf anatunga teatri yenye arusi ndani. Violet atacheza bibi-arusi, Olaf mwenyewe bwana-arusi, na jirani Strauss, mwenye ni juji wa kweli, atacheza juji. Watu watafikiri ni muchezo, kumbe karatasi ya kutia sahihi ni karatasi ya kweli, na kwa njia ya ndoa ile Olaf atashika mali. Ili Violet asikatae, wanamufungia Sunny ndani ya kizimba na kukitundika juu ya munara. Klaus anakesha usiku muzima na kitabu cha sheria. Sheria inaomba bibi-arusi aandike kwa mukono wake mwenyewe. Violet anatumia siku zote mukono wa kuume. Siku ya teatri anaandika kwa mukono wa kushoto, na ndoa inakuwa bure. Taa zinazimwa, Olaf anakimbia.

Kutoka pale, mu vitabu vya kwanza, Bwana Poe anawapeleka watoto kwa mulezi mupya, na Olaf anafuata akiwa amegeuza nguo na jina. Watoto wanamutambua mara moja. Wanasema. Hakuna mukubwa anayewaamini mupaka hatari imekwisha kutokea.

III. HADISI ZA ZAMANI NA HADISI HII

Vitabu vya yatima havikuanza na Handler. Charles Dickens, Mwingereza, alitoa Oliver Twist toka 1837 mupaka 1839. Hector Malot, Mufaransa, alitoa Sans famille mwaka wa 1878. Hata wazee wetu jioni kando ya moto walisimulia habari za mutoto yatima na mama wa kambo. Hadisi hizo zinafanana mu jambo moja: yatima anaanza maskini, anateseka, anavumilia, na ku mwisho anapata jamaa na mali. Oliver anapata uriti wake na mwema mumoja anamutwaa kuwa mutoto wake. Rémi wa Malot anamupata mama yake, na jamaa yake ni tajiri.

Handler aligeuza ile njia. Watoto wake wanaanza na uriti, na uriti njo unawaletea taabu. Kama wangekuwa bila kitu, Olaf hangewatazama hata kidogo. Na mu vitabu vyote 13 hatuwaone wakiishika ile mali. Basi musomaji mwenye anangojea "mateso, kiisha zawadi" atangojea bure. Kitu chenye kinabaki mu mikono yao ni kile wanajua kufanya, na kupendana kwao.

IV. KICHEKO KINATOKA WAPI?

Wafaransa wanaita namna hii humour noir, ni kusema kicheko cheusi: mutu anacheka juu ya jambo la huzuni bila kuficha kwamba ni la huzuni. Handler anakitengeneza kwa njia nyingi. Tuchague ine.

1. Kukataza. Mwenye kusimulia anatuomba tuache kitabu chake, tutafute kingine chenye furaha. Kila mwalimu anajua matokeo: ukimukataza mutoto kufungua sanduku, atalifungua. Lakini kuko pia ukweli mu maneno yale. Hatudanganye. Anatuambia mapema kwamba mambo hayatakuwa mazuri.

2. Kufasiria maneno. Anasimamisha habari mu wakati wa hatari ili afasirie neno moja gumu, na mara nyingi ufasiri wake unafaa kwa pahali pale tu. Tunacheka, na tunajifunza neno. Watoto wengi walipata maneno mapya kwa njia hii bila kujua kwamba wako mu kalasi.

3. Kutwaa maneno vile yalivyo. Watu wa Ulaya wanasema kwamba haki haina macho, maana haiangalie nani ni tajiri na nani ni maskini. Mu kitabu cha 12 kuko tribinali. Wote wenye wanasikiliza wanalazimishwa kufunga macho kwa kitambaa, juu ya lile neno tu! Majuji peke yao wanaona, na kati yao muko rafiki za Olaf. Unacheka, halafu unakumbuka tribinali zenye unazijua wewe mwenyewe.

4. Kusema jambo kubwa kwa sauti ndogo. Mu kitabu cha pili, mwenye kusimulia anatuambia tangu mwanzo kwamba mulezi mwema, Uncle Monty, atakufa. Kiisha tunamuona Monty akila, akicheka, akifanya mipango ya safari. Kila neno lake la furaha linatuuma, kwa sababu sisi tunajua na yeye hajui.

Sasa tuulize: mu mambo hayo yote, tunamucheka nani? Hatumucheke Violet. Hatumucheke Klaus wala Sunny. Machozi yao mwandikaji anayaheshimu. Hakuna pahali anapoyageuza kuwa mizaha. Kicheko kinaangukia mukubwa mwenye macho na masikio, na haone wala hasikie.

V. WAKUBWA INE

Bwana Poe hana roho mbaya. Anafuata karatasi. Kikohozi chake kinamukamata kila mara wakati mutoto anataka kusema jambo la lazima. Ni jambo dogo la kuchekesha, lakini tukilitazama vizuri ni picha ya mutu mwenye kazi mingi: kila mara kuko kitu chenye kinazuia masikio yake.

Juji Strauss anawapenda watoto na anawafungulia nyumba yake ya vitabu. Anataka hata kuwatwaa. Lakini alipenda sana kucheza teatri, na sifa ya muchezo ilimuziba macho. Kisha, wakati anataka kuwachukua, Bwana Poe anakataa, kwa sababu wazazi waliandika kwamba walelewe na mutu wa jamaa. Ile mapenzi ya wazazi iliandikwa kwa kuwachunga watoto. Inasomwa kwa namna yenye inawarudisha mu hatari.

Uncle Monty, mwenye kujifunza nyoka, ni mwema kuliko wote. Olaf anakuja nyumbani mwake kwa jina la Stephano. Watoto wanajaribu kumuonya Monty. Yeye anafikiri Stephano ni mupelelezi tu, mwenye anataka kumuiba kazi yake ya nyoka. Amesikia nusu ya maneno, nusu ingine amejijazia mwenyewe. Anauawa kwa sumu ya nyoka. Kumbe upendo bila kusikiliza haukutosha.

Aunt Josephine, mu kitabu cha tatu, anaogopa kila kitu. Anaogopa hata kuwasha jiko, njo maana watoto wanakula supu ya baridi. Anaogopa simu na vishikio vya milango. Kitu kimoja tu anapenda: gramere. Olaf anamulazimisha kuandika barua ya kuaga dunia, naye anatia makosa ndani yake makusudi. Klaus anayakusanya, anapata jina la pango mwenye shangazi amejificha. (Wenye kuchukia somo la gramere, mufikiri tena!) Lakini ku mwisho, juu ya mashua, mbele ya Olaf mwenyewe, anasahihisha kosa lake la kusema. Olaf anamusukuma mu ziwa lenye ruba wakali. Alikuwa na woga wa vitu vyote isipokuwa kile kimoja chenye kilipaswa kuogopwa.

VI. WAKATI MUTOTO HAKUSIKIWA

Vitabu vya mwisho ni vigumu zaidi. Mu kitabu cha saba, watoto wanasingiziwa kuua mutu, gazeti linaandika uongo juu yao, na toka pale wanakimbia peke yao. Hawana tena mukubwa wa kushitakia. Basi wanaanza kutumia njia za Olaf. Wanageuza nguo. Wanamudanganya mutu muzee mwenye aliwatendea mema, wanatwaa funguo zake. Mu kitabu cha 10 wanachimba shimo la kumutega rafiki wa Olaf. Kabla hajaanguka roho zao zinawauma, wanamuonya. Mu kitabu cha 12 bunduki ya kurusha mukuki inaanguka toka mikono yao na kumuua mutu mwema, bila wao kutaka. Kiisha wanasaidia kuwasha moto hoteli kubwa. Musikumbuke kwamba walikuwa yatima juu ya moto? Sasa moto uko mu mikono yao.

Wao wenyewe wanajiuliza kama wamekuwa sawa na adui. Mwandikaji hawaachilie kwa kusema "ni watoto tu", wala hawahukumu mbiombio. Anatuonyesha namna ilivyoanza: walisema ukweli mara mingi, na ukweli haukuwasaidia. Mutoto mwenye amejifunza kwamba ukweli hauna kazi, atatafuta kitu kingine chenye kazi. Sioni neno lenye uzito kuliko hili mu vitabu vyote 13, na ni neno kwa wazazi na walimu zaidi kuliko kwa watoto.

VII. NA KWETU?

Vitabu hivi ni vya Marekani, na hatupaswi kuvilazimisha kuwa vyetu. Lakini jambo moja linafanana. Kwetu pia, kisha maziko, watu wanasemaka kwanza juu ya nyumba, shamba na feza, na watoto wanasikiliza ku mulango. Mujue kwamba sheria haikunyamaza. Sheria ya jamaa (Code de la famille) ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka wa 1987, yenye ilirekebishwa mwaka wa 2016, inawaweka watoto wa marehemu mu kikundi cha kwanza cha wenye kuriti. Na kwa ndoa, sheria inaomba miaka 18, kwa binti sawa kwa kijana. Violet wa miaka 14 hangeolewa kwa sheria hiyo, hata mulezi akitia sahihi mara kumi. Klaus aliokoa dada yake kwa kusoma sheria. Ni mufano wa kufuata.

Biblia nayo inajua mambo haya. Ayubu alipoteza watoto wake wote, na rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walikuja. Siku saba walikaa chini pamoja naye bila kusema, na ile ilikuwa kazi yao nzuri. Ubaya ulianza wakati walifungua vinywa, wakafasiria mateso yake bila kumusikia. Ni ndugu za Bwana Poe. Barua ya Yakobo (1:27) inaweka kazi ya kutazama yatima na wajane ndani ya dini ya kweli yenyewe. Kutazama mutu mu taabu yake ni zaidi ya kumutumia feza ya masomo; ni kukaa, ni kuuliza, ni kungojea jibu.

Sasa tujibu ulizo. Inafaa kucheka? Mhubiri (3:4) anafundisha kwamba kulia na kucheka kila kimoja kina wakati wake. Kumucheka yatima ni zambi, na hakuna kitabu chenye kitaigeuza kuwa haki. Lakini kumucheka mukubwa kiziwi, pamoja na yatima, ni jambo lingine: unasimama upande wa mutoto, unaona sawa anavyoona. Na mwenzetu mwenye hataki kucheka, juu ya kitanda cha baba yake kingali mbele ya macho yake, tumuachie. Tusimulazimishe kusoma hadisi hii mbele ya kalasi.

Kwa ninyi wanafunzi, neno moja tena. Musitoke mu somo hili na kusema kwamba wakubwa wote ni wapumbavu. Muangalie vile watoto watatu walifanya: hawakuacha kusema. Walimuambia mumoja, akakataa, wakamuambia mwingine. Wewe pia, kama kuko jambo baya nyumbani, na mukubwa wa kwanza hakusikia, tafuta wa pili: mwalimu, mchungaji, mama wa kanisa. Na kwa sisi walimu: siku mutoto anagonga ku mulango ya biro, tuweke kalamu chini.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA MU KALASI

1. Juu ya nini mwandikaji anatuambia mbele kwamba Uncle Monty atakufa? Habari ingekuwa namna gani kama angeficha?
2. Linganisha mwanzo na mwisho wa Oliver Twist ao Sans famille na mwanzo na mwisho wa hadisi hii. Mali inafanya kazi gani mu kila moja?
3. Kati ya Poe, Strauss, Monty na Josephine, nani alikosa zaidi? Onyesha sababu zako.
4. Watoto waliwasha moto ku hoteli. Je, wana kosa? Mugawanyike makundi mawili, moja liwashitaki, lingine liwe avoka wao.
5. Andika ukurasa mumoja: mutoto anamuambia mukubwa jambo la kweli, mukubwa hasikie. Umufanye musomaji acheke, lakini asimucheke mutoto.